Kumnyima mdukizi mawimbi: jinsi ya kupima na kuziba Wi-Fi ya ofisi ndogo

Maswali yanayonifikia ni yaleyale matatu. Nikipunguza nguvu ya ruta, mtu wa nje hatanisikia? Nenosiri langu ni refu, nihangaike na mawimbi ya nini? Na la tatu, ambalo nalipenda kuliko yote: tuko watu sita kwenye chaneli moja (masafa yaleyale ya Wi-Fi), je, mwenzangu aliyekaa dirishani ananifichua na mimi? Nimeamua kuyajibu kwa maandishi, hatua kwa hatua, ili anayeanza ashike simu mbili na karatasi apime mwenyewe, asiishie kuniamini tu.

Mfano nitakaoutumia ni ofisi ya chini katika nyumba ya mawe, Mji Mkongwe, Unguja. Kuta ni nene, za mawe na chokaa. Kuna dirisha moja kubwa linaloangalia uchochoro, na nje yake baraza ya mawe iliyoshikana na ukuta. Mtu akikaa pale kunywa kahawa, kati ya mgongo wake na meza ya mhasibu hakuna hata mita mbili. Wewe huenda una kioski Kisumu au chumba cha masomo Dodoma. Namba zako zitakuwa nyingine, lakini kazi ni ileile.

Nadharia ni kidogo tu, tuimalize. Mwaka 1949 mwanahisabati Claude Shannon alionyesha kwamba siri kamili kwa njia ya ufunguo inadai ufunguo usiopungua urefu wa ujumbe wenyewe. Mwaka 1975 Aaron Wyner akafungua mlango mwingine: ikiwa mawimbi yanamfikia mdukizi yakiwa mabovu kuliko yanavyomfikia mpokeaji halali, inawezekana kutuma siri bila ufunguo wowote. Mwaka 1978 Leung-Yan-Cheong na Martin Hellman wakaipatia njia ya redio yenye kelele za kawaida (mvurugo wa asili unaochanganyika na mawimbi) fomula yake: kasi ya siri ni kasi anayoweza kuipata mpokeaji, ukitoa kasi anayoweza kuipata mdukizi. Kwa hiyo kinachokulinda ni ile tofauti kati yao wawili. Nguvu peke yake haitoshi, wala umbali peke yake. Kila hatua hapa chini inatafuta kuikuza tofauti hiyo.

Kuhusu nenosiri: usilitupe. Wi-Fi ya kawaida haina ule usimbaji maalumu (namna ya kuupanga ujumbe kabla ya kuutuma) alioufikiria Wyner, kwa hiyo kazi ya mawimbi inaongezwa juu ya WPA2 au WPA3, yaani mifumo ya kufunga Wi-Fi kwa nenosiri, haichukui nafasi yake. Lakini fikiria mgahawa ulioandika nenosiri ukutani. Kwenye WPA2 yenye nenosiri moja la wote, anayelijua nenosiri hilo na akanasa ujumbe wa mwanzo wa simu yako inapojiunga, anaweza kufungua mazungumzo ya simu yako na ruta. Kinachombakisha nje ni kushindwa kuunasa ujumbe huo tu. Hapo ndipo mawimbi yanapokuwa na maana.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu mbili za Android zenye programu ya kuonyesha nguvu ya Wi-Fi kwa dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi kwa desibeli). Vile vimistari vya juu ya kioo havitoshi, havina namba.
- Excel au LibreOffice Calc.
- Karatasi, penseli na futi ya kupimia.
- Nenosiri la msimamizi wa ruta. Wengi wanakwama hapa: fundi aliyefunga ruta ameondoka nalo. Lipate kwanza.
- Laptopu yenye Linux, kama unayo. Si lazima.
- Ruhusa ya mwenye ofisi. Utakuwa unapima mtandao wenu peke yake. Kunasa mazungumzo ya jirani hakumo kwenye mwongozo huu.

Tenga nusu siku. Usipime ofisi ikiwa tupu halafu uitumie ikiwa imejaa, kwa sababu miili ya watu inanyonya mawimbi na namba zitabadilika.

Hatua ya 1: Chora ramani na uweke alama mahali pa kupimia

Chora ofisi kwa mkono. Weka alama ya ruta, kisha kila mahali anapokaa mtumiaji halali. Halafu toka nje ujiulize: mtu anaweza kukaa wapi nusu saa bila kuulizwa chochote? Kwenye mfano wetu nilipata sehemu tano: barazani, mlangoni, chumba cha jirani tunayechangia naye ukuta, ghorofani juu ya ofisi, na ngazi ya nyumba ya ng'ambo ya uchochoro.

Ghorofani ndipo wengi wanaposahau. Sakafu ya mbao na boriti huzuia mawimbi kidogo sana ukilinganisha na ukuta wa mawe.

Mdukizi anasikiliza tu, harushi chochote, kwa hiyo hakuna kifaa kitakachokuonyesha alipo. Huna budi kudhani amekaa pabaya kuliko kote.

Hatua ya 2: Pima ruta inavyosikika

Simama kwenye kila alama, subiri namba itulie, andika vipimo kumi. Kwa mtumiaji halali chukua wastani. Kwa mdukizi chukua kipimo kikubwa kuliko vyote, kwa sababu yeye ana muda wa kutafuta mahali pazuri, nawe huna haki ya kumkadiria kwa wastani.

Jambo hili nililiona kwa macho pale barazani. Niliweka simu juu ya jiwe, ikasoma −75. Nikaisogeza upana wa kiganja kuelekea kona ya dirisha, ikasoma −68. Sikugusa kitu kingine. Mawimbi ya gigahezi 2.4 yana urefu wa takriban sentimita 12.5, na yanapogonga kuta na kurudi hujenga sehemu zenye nguvu na sehemu dhaifu zilizopishana kwa sentimita chache. Ningeandika kipimo cha kwanza na kuondoka, ningekosea kwa desibeli saba.

Kumbuka namba ni hasi: −52 ni nguvu kuliko −68. Na usiishike simu ukiwa umeikumbatia kifuani. Inyooshe mkono au iweke juu ya kitu.

Vipimo vya mfano wetu: mezani kwa mhasibu −52 dBm, barazani −68 dBm.

Hatua ya 3: Pima simu na laptopu zinavyosikika

Hatua hii isirukwe. Mara ya kwanza kufanya kazi ya namna hii nilipima ruta peke yake, nikamwambia mwenye ofisi kwamba mambo ni mazuri. Baada ya siku mbili nikarudi na kupima simu ya mfanyakazi aliyekaa dirishani. Barazani ilisikika kuliko ruta. Ruta ilikuwa nyuma ya ukuta wa mawe, lakini simu ilikuwa nyuma ya kioo tu, na majina na nywila ambazo watu wanaandika hutoka kwenye simu kwenda kwenye ruta. Nilikuwa nimelinda upande mmoja wa mazungumzo.

Namna ya kupima ni rahisi. Chukua simu ya kwanza, washa hotspoti, iweke palepale mtumiaji anapokaa. Chukua simu ya pili, nenda ilipo ruta, pima nguvu ya hotspoti hiyo. Kisha toka nje upime kwenye zile alama zote za mdukizi. Rudia kwa kila mtumiaji. Kwa watu sita na alama tano za nje ni vipimo vingi, najua, ila vifanye.

Kwenye mfano, watumiaji wawili watatusaidia baadaye. Asha anakaa katikati ya chumba: kwenye ruta simu yake inasomeka −65, barazani −71. Bahati anakaa kwenye pembe ya dirisha nyuma ya ukuta wa ndani: kwenye ruta −85, barazani −73.

Hatua ya 4: Geuza vipimo kuwa hesabu

Namba ya dBm haina maana mpaka uilinganishe na kelele. Kwa chaneli yenye upana wa megahezi 20, kelele za joto peke yake ni takriban −101 dBm, na kipokezi cha kawaida huongeza desibeli chache za kwake. Tumia −95 kama huna kifaa cha kupimia. Mwenye Linux aandike `iw dev wlan0 survey dump`; kadi nyingi hutoa namba ya kelele hapo, ingawa si zote.

Toa kelele kwenye kipimo upate uwiano wa ishara kwa kelele. Mezani: −52 ukitoa −95 ni desibeli 43. Barazani: desibeli 27.

Kwenye Excel, weka uwiano wa mpokeaji halali katika A2 na wa mdukizi katika B2, kisha katika C2 andika:

`=MAX(0, LOG(1+10^(A2/10),2) - LOG(1+10^(B2/10),2))`

Jibu ni kasi ya siri kwa biti kwa sekunde kwa kila hezi ya upana wa chaneli. Kwa 43 na 27 utapata 5.31: mpokeaji ana 14.28, mdukizi ana 8.97. Njia ya mkato ya kichwani ni kwamba, mawimbi yakiwa na nguvu pande zote mbili, kila desibeli 3 za tofauti ni kama biti 1.

Kosa la kawaida hapa ni kuingiza desibeli moja kwa moja kwenye logi bila ile `10^(A2/10)`. Utapata namba ndogo inayoonekana ya maana kabisa, na yote itakuwa si kweli.

Hatua ya 5: Mpe mdukizi antena

Ulipima kwa simu. Mdukizi halazimiki kutumia simu. Antena ya mwelekeo ya ukubwa unaoingia kwenye mkoba inaweza kumwongezea desibeli kumi na zaidi. Ya sahani inafika 20 na kupita. Mimi huongeza 15 kwenye kila kipimo cha nje kabla ya kuamua lolote.

Fanya hivyo kwenye mfano. Baraza ilikuwa 27, sasa ni 42. Mezani ni 43. Kasi ya siri inaanguka kutoka 5.31 hadi 0.33. Kwa maneno mengine, karibu kila anachokisikia mhasibu, aliyekaa barazani naye anaweza kukisikia. Huo ndio mwanzo wetu halisi, na kuanzia hapa tufanye hesabu na antena hiyo ikiwemo.

Hatua ya 6: Hamisha, geuza, badili masafa

Anza na mahali, kwa sababu hapagharimu chochote. Ruta nyingi hufungwa pale waya wa intaneti unapoingilia, na waya huingilia dirishani. Ihamishe ikae upande wa ndani, ukuta mnene uwe kati yake na uchochoro. Mita kumi za waya wa mtandao ni bei ndogo kwa kazi hii.

Kisha antena. Zile fimbo za nyuma ya ruta hurusha mawimbi ubavuni, na nchani hurusha kidogo. Fimbo ikisimama wima, chumba kizima kinapata na ghorofani panapata kidogo. Ukiilaza ncha ikaelekea uchochoroni, uchochoro unapata kidogo lakini ghorofa inafaidi. Huwezi kunyima pande zote kwa fimbo moja. Chagua upande ambao vipimo vyako vimeonyesha ni mbaya zaidi. Watu wengi hupanua fimbo kama miguu ya buibui wakidhani ndiyo nguvu zaidi. Zielekeze kwa sababu.

Masafa: gigahezi 5 hupungua zaidi yakipita kwenye ukuta wa mawe kuliko gigahezi 2.4. Kama vifaa vyote vya ofisi vinashika 5, zima 2.4 kabisa. Kuiacha ikiwaka kwa ajili ya printa moja ni kuacha mlango wazi kwa ajili ya paka. Ipe printa waya.

Pima upya kila unapobadili jambo moja. Ukibadili matatu kwa pamoja hutajua lipi limesaidia. Kwenye mfano, baada ya kuhamisha ruta na kugeuza antena, mezani pakawa −55 na barazani −79. Pamoja na antena ya mdukizi ni uwiano wa 40 dhidi ya 31, na kasi ya siri imepanda kutoka 0.33 hadi 2.99. Mhasibu amepoteza desibeli tatu, baraza imepoteza kumi na moja.

Hatua ya 7: Nguvu ya ruta, na kasi za chini

Sasa lile swali la kwanza. Chukua namba zetu za hatua ya 6 na upunguze nguvu ya ruta kwa desibeli 10. Mpokeaji anabaki na 30, mdukizi 21. Kasi ya siri: 2.98. Punguza 20: mpokeaji 20, mdukizi 11. Kasi ya siri: 2.89. Umeona? Haikupanda, imeshuka kidogo, kwa sababu umewapunguzia wote wawili sawasawa.

Kinachobadilika ni sehemu. Mwanzo mpokeaji alikuwa na 13.29, na katika hizo ambazo mdukizi hazifikii ni 2.99, yaani kama asilimia 22. Baada ya kupunguza 20, mpokeaji ana 6.66 na 2.89 ni za siri, yaani asilimia 43. Kupunguza nguvu hakukupi siri zaidi. Kunakuondolea mawimbi ya ziada ambayo kazi yake ilikuwa kumfikia mtu wa nje tu. Kwa hiyo punguza, lakini baada ya hatua ya 6. Anayeanza na nguvu kabla ya mahali anaishia na ofisi yenye mtandao unaokatikakatika na baraza inayosikia vilevile.

Upande wa pili ni kasi za chini, nao hauzungumzwi inavyostahili. Ruta hutangaza jina lake mara kama kumi kwa sekunde, na matangazo hayo pamoja na ujumbe wa kwenda kwa wote hutumwa kwa kasi ndogo ili hata aliye mbali asikie. Kiwango cha Wi-Fi kinataka kipokezi kiweze kuelewa kasi ya megabiti 6 mawimbi yakiwa dhaifu hadi −82 dBm, megabiti 24 hadi −74, na megabiti 54 hadi −65. Angalia namba ya baraza baada ya kuhamisha ruta: −79. Kwa simu inayotimiza kiwango hicho tu, pale barazani megabiti 6 zinasikika, megabiti 24 huenda zisifike. Mwenye antena, kadi nzuri au simu bora kuliko kiwango atavuka mpaka huo, lakini umemwongezea kazi mpita njia.

Ingia kwenye ruta, zima kasi 1, 2, 5.5 na 11, kisha weka kasi ya chini kabisa iwe 12 au 24. Ruta za bei ya chini nyingi hazina mpangilio huu. Za kitaalamu na zile zenye OpenWrt (programu huria ya kuendeshea ruta) zinao.

Hatua ya 8: Chaneli ya pamoja, mwenzako anakufichua au anakufunika?

Hapa ndipo swali la tatu linapojibiwa. Rudi kwa Asha na Bahati wa hatua ya 3. Ili hesabu isomeke, kwanza tuiache antena ya mdukizi pembeni. Ukitumia kelele −95:

Asha: kwenye ruta 30, barazani 24.
Bahati: kwenye ruta 10, barazani 22.

Asha akituma peke yake, kasi ya siri ni 1.99. Bahati akituma peke yake ni sifuri, maana baraza inamsikia kuliko ruta. Wakituma kwa pamoja kwenye chaneli moja, jumlisha nguvu zao (geuza desibeli kuwa namba za kawaida kwanza: 1000 na 10 kwenye ruta, 251 na 158 barazani). Jumla ya siri yao wawili ni 1.30. Bahati hakupata siri, na jumla imeshuka chini ya ile aliyokuwa nayo Asha peke yake. Kwa hiyo ndiyo, mwenzako wa dirishani anaweza kukupunguzia.

Sasa geuza shilingi. Mwaka 2008 Ender Tekin na Aylin Yener walichapisha kazi kuhusu chaneli ya namna hii hasa, watumaji wengi na mdukizi mmoja, wakaonyesha kwamba mtu aliye katika hali ya Bahati anaweza kusaidia kwa kuacha kutuma ujumbe na kutuma kelele tupu. Kelele zake zinaifikia ruta zikiwa dhaifu, barazani zikiwa na nguvu. Fanya hesabu:

Kwenye ruta, Asha anashindana na 1 + 10 (1 ni kelele za kawaida, 10 ni za Bahati), yaani 1000 ÷ 11. Kasi yake: 6.52.
Barazani, anashindana na 1 + 158, yaani 251 ÷ 159. Kasi ya mdukizi: 1.36.
Kasi ya siri: 5.16.

Kutoka 1.99 hadi 5.16, bila Asha kubadili chochote. Kila ninapowaonyesha wanafunzi jedwali hili wanarudia hesabu mara mbili, na mimi pia nilirudia mara ya kwanza. Mahali pabaya pa Bahati ndipo palipogeuka kuwa ngao.

Na hapa kuna onyo kubwa kuliko yote ya mwongozo huu. Usirushe kelele za makusudi hewani. Kuvuruga mawimbi ni kosa katika nchi nyingi, na masafa yana wasimamizi: TCRA Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano Kenya, UCC Uganda. Utavuruga Wi-Fi ya jirani, ya zahanati, ya duka la dawa. Jaribio hili lifanyie kwenye jedwali, au maabara kwa nyaya na vipunguza nguvu bila antena. Simu yako ya kawaida pia haiwezi kulifanya kwa utaratibu unaotakiwa, kwa kuwa vifaa vya Wi-Fi hupokezana zamu. Kimoja kikisikia kingine kinatuma, kinasubiri.

Basi hesabu ina faida gani ofisini? Inakuonyesha nani ahamishwe. Panga watumiaji wote kwenye jedwali: uwiano wa kwenye ruta ukitoa uwiano wa mahali pabaya kabisa nje, hapo tayari ukiwa umeongeza zile 15 za antena. Asha ni 30 dhidi ya 39, Bahati ni 10 dhidi ya 37. Wenye jibu hasi, anza na wa chini kabisa: sogeza meza, au mpe waya. Bahati alipewa waya, na Asha akasogezwa karibu na mahali papya pa ruta. Tena, aliye mbali na ruta hulazimisha kasi ishuke ili asikie, na kasi ikishuka baraza nayo inasikia. Kumwondoa mmoja hewani kuliwasaidia watano.

Kama ruta yako ina antena kadhaa na uwezo wa kuelekeza mawimbi kwa kila kifaa, uwashe. Unasaidia, ila usiuhesabu kama ulinzi, kwa sababu huamui mwenyewe mawimbi yaliyobaki yanakwenda wapi. Kazi ya Satashu Goel na Rohit Negi ya mwaka 2008 inaonyesha jinsi antena nyingi zinavyoweza kutuma kelele pande zote isipokuwa kwa mpokeaji. Ruta ya dukani haifanyi hivyo.

Matatizo yanayojitokeza

*Namba zinarukaruka, sijui niandike ipi.* Vipimo vikipishana kwa desibeli 3 au 4 ni kawaida. Vikipishana kwa 10, angalia kama programu inachanganya masafa mawili yenye jina moja. Soma anwani ya kifaa, zile tarakimu na herufi zilizotenganishwa kwa nukta mbili, uhakikishe unapima kilekile.

*Excel inanipa sifuri kila mahali.* Huenda ni kweli: mdukizi anasikia kuliko mpokeaji. Ondoa `MAX(0, ...)` kwa muda uone ni hasi kiasi gani. Hasi ndogo hutibika kwa kusogeza meza; hasi ya biti tatu na zaidi inataka waya.

*Baada ya kupandisha kasi ya chini, simu moja haijiungi.* Ni ya zamani au iko mbali mno. Shusha kutoka 24 hadi 12 ujaribu. Ikikataa bado, simu hiyo ndiyo iliyokuwa ikivujisha, isogeze.

*Nimehamisha ruta, baraza bado inasoma −60.* Tafuta kifaa kingine: kirefusha mawimbi kilichosahauliwa nyuma ya kabati, printa inayotangaza mtandao wake, runinga. Zima ruta kabisa, kisha pima tena barazani. Jina la ofisi likibaki hewani, kuna kifaa cha pili.

*Gigahezi 5 inavuja kuliko 2.4.* Ruta nyingi hurusha 5 kwa nguvu kubwa zaidi. Ziweke nguvu sawa kwanza, halafu linganisha. Angalia pia kama njia inapita dirishani. Kioo cha kawaida hakizuii kitu kama ukuta wa mawe.

*Nimebandika foili dirishani, uchochoroni pameshuka lakini ghorofani pamepanda.* Foili haimezi mawimbi, inayarudisha ndani, nayo yanatafuta pengine pa kutokea. Rudi kwenye ramani ya hatua ya 1 na upime alama zote za nje upya, moja baada ya nyingine, kabla hujaamua kama foili ibaki au ibanduliwe.